Bima yaishia getini, nauli juu ya mgonjwa

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wa kijiwe cha bodaboda, kata ya Ibighi, Tukuyu, Jumapili alasiri baada ya watu kutoka kanisani. Msemaji ameyaandika upya kwa ajili ya wasomaji wa gazeti hili.)

Vuta jiwe ukae.

Kwanza niwatoe wasiwasi. Sikuja kuomba kura. Kura ina msimu wake, na msimu huo mnaujua: magari yanakuwa mengi, yana vipaza sauti, yana mafuta ya kutosha, na yanafika hata kule ambako gari la wagonjwa halijawahi kukanyaga. Mimi nimekuja kwa miguu, na viatu vyangu mnaviona vilivyo. Nimekuja na swali moja ambalo kila aliyekaa hapa analijua na hakuna anayelisema kwa sauti: mgonjwa mwenye tarehe ya kurudi hospitali, nauli yake analipa nani?

Usikimbilie kujibu. Sielezi habari ya mtu aliyepata ajali pale barabarani, wala mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane. Huyo mama nitamfikia. Nasema juu ya mgonjwa wa tarehe. Yule ambaye daktari amemwandikia kwenye daftari kwamba arudi siku fulani, saa mbili asubuhi, bila kula kitu. Mzee wa kisukari. Mama wa presha. Mtu wa figo anayesafishwa damu kwa mashine. Dada mwenye saratani. Ndugu yetu wa CTC. Mtoto anayefanyishwa mazoezi ya viungo. Hawa hawabebwi kwa king'ora. Hawa husimama barabarani kama abiria mwingine yeyote, mvua ya Rungwe ikiwanyea, wakapanda Noah, wakabanwa wanne kwenye kiti cha watatu, na konda akanyoosha mkono.

Hebu tupige hesabu. Sitataja bei, maana nauli ya Tukuyu kwenda Mbeya wewe unaijua kuliko mimi, na kesho inaweza kupanda. Weka bei yako kichwani. Mgonjwa wa figo kwa kawaida husafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mwaka una wiki 52. Hizo ni safari 156. Kila safari ina kwenda na kurudi, basi ni nauli 312. Na mtu akitoka kwenye ile mashine miguu haina nguvu, hawezi kurudi peke yake, lazima awe na msindikizaji. Nauli 624. Kwa mwaka mmoja! Zidisha sasa kwa ile bei uliyoweka kichwani. Hapo bado hujahesabu bodaboda ya kutoka nyumbani hadi barabara ya lami, wala gari la pili la kutoka Uyole kuingia mjini, wala chai ya msindikizaji.

Mashine yenyewe, mwenye kadi ya NHIF analipiwa. Hilo ni jambo jema na silibezi. Lakini mashine iko Mbeya, kilomita kama 70 kutoka hapa, na mgonjwa yuko kwenye migomba.

Sasa nitawaeleza jambo la nyumbani kwetu, mnisamehe. Sikutaka kulileta hapa, ila nimeona nikiongea sheria tupu mtasinzia.

Baba yangu ni mkulima wa chai na ndizi, kama baba zenu. Ana kisukari. Dada yangu ni mwalimu, yuko mbali huko Rukwa, na kwa sababu yeye ni mwanachama wa NHIF, alimwandikisha mzee kama mtegemezi wake. Kwa hiyo mzee ana kadi. Kadi hiyo aliitunza kuliko cheti cha ndoa. Aliiweka kwenye mfuko wa nailoni, akaichomeka katikati ya kitabu cha nyimbo, na mgeni akija huonyeshwa.

Mzee akapata kidonda kwenye kidole cha mguu. Kidogo tu, kama umechomwa na kisiki. Zahanati wakamwandikia rufaa, hospitali wakamsafisha, wakampangia tarehe za kurudi, kila baada ya siku chache. Hospitali sitaitaja, na waliomtibu sina ugomvi nao. Mara ya kwanza akaenda. Mara ya pili akaenda. Mara ya tatu hela ikaisha. Mguu ulikuwa umevimba, hawezi tena kubanana kwenye Noah, alihitaji kukodi gari au akae viti vya mbele na kulipia viwili. Nikampigia simu nikamwuliza, baba, umekwenda kliniki? Akaniambia, "Kuna nafuu, mwanangu, usihangaike." Mnajua wazee wetu. Mzee wa Kinyakyusa akuombe wewe kijana wake nauli? Atakufa kwanza.

Na mimi, nitasema ukweli mbele yenu, nilitaka kumwamini. Nilikuwa Mwanjelwa nabangaiza na mitumba, Jumamosi ile nilikuwa na hela kidogo mfukoni, nikaweka mkeka wa mechi nane. Ukachanika mechi ya saba. Ile hela ingempeleka baba Mbeya na kumrudisha.

Akakosa tarehe mbili. Tulipomfikisha hospitali, kwanza walikata vidole vitatu. Baada ya wiki kadhaa wakakata chini ya goti. Na sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye habari yangu yote. Kadi ililipa. Ililipa upasuaji wa kwanza, ikalipa wa pili, ikalipa kitanda, ikalipa dawa, ikalipa damu, hatukudaiwa hata senti. Kadi ile ile ilikubali kugharimia kuukata mguu. Nauli ya kuuokoa haikuwa kwenye orodha yake.

Nimeisoma orodha hiyo. Ndugu yangu, nawe isome, si siri. Mafao ya NHIF ni kujiandikisha na kumwona daktari, vipimo, dawa, upasuaji, kulazwa, meno, macho na miwani, mazoezi ya viungo na mengine ya namna hiyo. Nauli ya kwenda kliniki haimo. Bima yetu inakungojea getini. Ukifika, karibu. Usipofika, shauri yako.

Tulifikaje hapa? Wazee wanakumbuka kwamba matibabu ya serikali yalikuwa bure mpaka mwaka 1993, ulipoanza utaratibu wa kuchangia gharama hospitalini. Mwaka 1996 ukaanzishwa Mfuko wa Afya ya Jamii kule Igunga, kwa majaribio. Mwaka 1999 ikatungwa sheria ya NHIF, ambayo ilianza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali. Mwaka 2018 ule mfuko wa jamii ukaitwa "ulioboreshwa", kaya ya watu sita ikatakiwa kutoa shilingi 30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Miaka thelathini ya sheria, mifuko, semina na posho za semina, na katika muda wote huo aliyeketi mezani kuandika alikuwa mtu mwenye gari nje. Mwenye gari hawezi kukumbuka nauli. Simlaumu kwa roho mbaya. Hata mimi sikumbuki bei ya majani ya ng'ombe kwa sababu sifugi.

Utaniambia, serikali haiwezi kumlipia mtu nauli, itakuwa haijapata kutokea. Imetokea! Inatokea. Tena kwa miaka mingi.

Mtumishi wa umma anapopewa rufaa ya kutibiwa nje ya kituo chake cha kazi, kanuni za utumishi zinatambua kwamba safari ile ni juu ya mwajiri. Ndiyo maana walimu wakidai malimbikizo yao utasikia wanataja uhamisho, likizo na matibabu. Wanacheleweshewa, ndiyo, na dada yangu anaweza kukueleza anavyocheleweshewa, lakini haki imeandikwa. Halafu kuna safari za India. Kwa miaka na miaka Wizara ya Afya imepeleka wagonjwa kutibiwa India, na mgonjwa hakuambiwa aogelee Bahari ya Hindi. Tiketi ya ndege ilikuwa sehemu ya hesabu. Kwa hiyo wakubwa hawana ubishi kwamba nauli ni sehemu ya tiba. Ubishi unaanza pale chombo kinapokuwa Coaster ya Kyela badala ya ndege.

Na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza? Huyo sera inasema atibiwe bure. Sera ya Wazee ya mwaka 2003 inasema hivyo, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema hivyo, na hospitalini kuna dirisha limeandikwa mzee apishwe. Nani wa kumpisha, naye yuko nyumbani anatafuta nauli?

Sasa nimfikie yule mama wa uchungu niliyemwahidi. Hapa nitasifu, na mnisamehe wale mnaodhani watu wa upinzani hatujui kusifu.

Kuna mpango unaitwa m-mama. Ulianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, kwa msaada wa mfuko wa hisani wa Vodafone na wenzake, na Aprili 2022 ukazinduliwa kitaifa. Mama mjamzito, au aliyejifungua, au mtoto mchanga wa chini ya siku 28 akipata dharura, unapiga namba 115, bure, huhitaji salio. Anapokea mtu aliyefundishwa, anauliza maswali, anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, anampigia dereva wa kawaida wa mtaani aliyesajiliwa, mwenye gari lake, naye anambeba mama hadi kituo kinachofaa. Akifika, kituo kinathibitisha, na dereva analipwa kwa simu. Mama halipi kitu.

Wewe kijana ambaye mkeo au mchumba wako ni mjamzito, weka 115 kwenye simu yako sasa hivi, kabla sijaendelea. Nangoja.

Umeiweka? Vizuri. Sasa tazama jinsi chombo hicho kilivyotengenezwa. Halmashauri haikulazimika kununua magari mia. Ilichukua gari la mtaani lililopo, dereva aliyepo, simu iliyopo, na utaratibu wa kulipa baada ya kazi kuthibitishwa. Hakuna mafuta ya kuchakachua wala dereva wa kukaa chini ya mti anangoja posho. Kama inawezekana saa nane usiku kwa mama ambaye hakuna aliyejua atashikwa saa ngapi, kwa nini isiwezekane Jumanne saa moja asubuhi kwa mzee ambaye tarehe yake imeandikwa mwezi mzima kabla? Huyu wa tarehe ndiye rahisi! Unaweza kuwakusanya watano wa njia moja kwenye gari moja.

Wenzetu Waganda walijaribu jambo linalofanana na hili, na waliojaribu ni bodaboda kama ninyi. Karibu mwaka 2010, Chuo Kikuu cha Makerere kiliendesha utafiti katika wilaya za mashariki, Kamuli na Pallisa. Akina mama wajawazito walipewa hati za usafiri. Mama anampa bodaboda hati, bodaboda anampeleka kliniki, siyo kujifungua tu bali hata kupimwa mimba na kurudi baada ya kujifungua, kisha bodaboda anakwenda na hati yake kulipwa. Waliojifungulia vituoni waliongezeka sana. Ila nisiwafiche upande wa pili: hela ilikuwa ya wafadhili, na hela ya wafadhili huisha. Baadaye watafiti hao wakageukia vikundi vya kuweka akiba ya nauli na kupatana na madereva, kwa kuwa waliona hati haziwezi kudumu bila mfuko wa serikali nyuma yake. Ndiyo maana nasisitiza bima. Bima ni hela inayokusanywa kila mwaka. Haitegemei mzungu ameamkaje.

Na kwa kuwa wengi wenu mnapenda kusikia habari za Marekani, nitawapa moja. Wanayo bima ya serikali kwa maskini, inaitwa Medicaid, ilianzishwa mwaka 1965. Tangu mwaka 1966 kanuni zake zilitaka kila jimbo lihakikishe kwamba mwanachama asiye na usafiri anafikishwa kwa daktari. Siyo kwa dharura. Kwa tarehe ya kawaida. Mtu anapiga simu siku chache kabla, anapelekewa teksi, au anapewa tiketi ya basi, au jirani aliyempeleka anarudishiwa hela ya mafuta kwa kuhesabu maili. Desemba 2020 Bunge lao liliingiza jambo hilo kwenye sheria yenyewe, maana baadhi ya majimbo yalikuwa yameanza kulikwepa. Iowa na Indiana zilikuwa zimeruhusiwa kuwanyima usafiri huo sehemu ya wanachama wao. Unaona? Hata kwa tajiri haki ikiachwa kwenye kanuni tu, mjanja anaipunguza.

Msidhani kule ni peponi. Majimbo mengi yamewapa kazi hiyo madalali, wanalipwa kwa kila kichwa cha mwanachama, safari ifanyike isifanyike. Matokeo yake malalamiko ya gari kuchelewa au kutofika kabisa ni mengi. Dalali ni dalali, awe Ohio au awe stendi ya Uyole. Kwa hiyo tukiiga, tusiige dalali. Tulipe safari iliyofika.

Nilipofika hapo, kijana mmoja wa kijiwe, alikuwa amekalia pikipiki yake, akanyoosha mkono. Akasema: "Kaka, unaongea vizuri. Lakini mimi halmashauri nitaidai miezi mingapi? Mafuta nanunua leo." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hilo ndilo swali la maana kuliko yote niliyoulizwa siku ile, na wewe msomaji ambaye unaendesha bajaji Mbeya au Dar es Salaam najua ndilo lililo kichwani mwako. Anayewahi kuidai serikali hasahau. Nikamjibu kwamba ndiyo maana hela hiyo isikae halmashauri ikasubiri bajeti na kikao. Ikae kwenye mfuko wa bima, ilipwe kwa simu siku ile ile muuguzi anapobonyeza kwamba mgonjwa amefika. Akaniambia, "Ikiwa siku ile ile, niandike wa kwanza."

Mwingine akauliza: na wagonjwa hewa? Nchi hii imepata kuwa na wafanyakazi hewa, itakosa abiria hewa? Swali zuri. Jibu lake ni lile lile la kuthibitisha. Mgonjwa wa tarehe ana daftari, ana jina kwenye kitabu cha kliniki, ana saa ya kuingia. Kumzua mgonjwa wa figo ambaye mashine haikumwona ni kazi kuliko kumzua mfanyakazi ambaye hakuna anayemwona. Wizi utakuwepo, sitawadanganya. Lakini hakuna aliyefuta mishahara kwa sababu ya wafanyakazi hewa.

Swali zito zaidi ni la hela. Mfuko wa NHIF wenyewe umekuwa ukilia. Mwaka 2023 walisitisha kuandikisha mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi, wakasema mfuko unaelemewa, kwa kuwa wazazi walikuwa wanaandikisha watoto waliokwisha kuugua. Kwa hiyo mtu akisimama akasema bima ilipie nauli ya kila mwenye mafua, huyo anachonga tu. Mimi sisemi hivyo. Nasema tuanze na wale ambao kukosa tarehe kunawaua au kunawakata viungo: figo, saratani, kisukari chenye vidonda, kifua kikuu, walemavu wasioweza kupanda daladala. Hao wanahesabika. Daktari anaandika kwenye rufaa: huyu anahitaji kusafirishwa. Wengine waendelee kujitegemea kwanza. Na upande wa pili wa hesabu muuandike pia: upasuaji mara mbili wa baba yangu na wiki zile za kitanda, dhidi ya nauli mbili za Mbeya. Sihitaji kuwa mhasibu.

Dada wa saratani ndiye ananisumbua zaidi akilini. Wagonjwa wengi wa huku Nyanda za Juu Kusini wamekuwa wakitumwa Ocean Road, Dar es Salaam, kwa tiba ya mionzi. Mionzi haitolewi siku moja ukarudi. Ni siku tano za wiki, kwa wiki kadhaa. Basi la usiku kucha, halafu ulale kwa nani? Wapo wanaopokea ile karatasi ya rufaa, wakaikunja, wakarudi nayo nyumbani, wakaiweka juu ya kabati. Daktari anadhani ameshatuma mgonjwa Dar. Mgonjwa yuko Ibighi anachuma chai.

Haya. Sheria haibadiliki kwa kijiwe kukubaliana. Lakini kuna mambo ya kufanya kabla ya mwezi huu kwisha, na mengine hayahitaji ruhusa ya mtu.

Ukimpeleka mgonjwa wako, mwulize daktari: dawa hizi anaweza kupewa za miezi mitatu badala ya mmoja? Kwenye CTC utaratibu huo upo, aliye imara hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo, na safari zikapungua. Mgonjwa wa presha aliyetulia anayo sababu ile ile ya kuomba. Uliza pia kama sehemu ya huduma inaweza kufanyika zahanati, kusafisha kidonda kwa mfano. Kama mngekuwepo wa kuniambia hivyo mimi, baba angekuwa na miguu miwili. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini. Hiyo ndiyo inayoshughulika na misamaha ya wasiojiweza, na watu wanapita mlangoni pake wakidhani ni stoo.

Kisha kuna mkutano wa mtaa, na Kamati ya Maendeleo ya Kata. Vijana hamwendi. Mnasema ni vikao vya wazee na vya chama. Ni vyenu. Nendeni mwulize kwa maandishi, ijibiwe kwa maandishi: halmashauri imesajili madereva wangapi wa m-mama katika kata hii, na je, gari linaloitwa la wagonjwa mafuta yake yako fungu gani? Msitukane. Ulizeni tu, mwandike jina la aliyejibu.

Na mikopo ile ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ambayo sheria ya mwaka 2018 ilitenga asilimia nne kwa vijana. Ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya madudu yaliyoonekana ndani yake, ikarudi baadaye. Kila kikundi kinaomba kufuga kuku. Ombeni gari. Kikundi cha vijana kumi wa Ibighi wenye Noah moja iliyotolewa viti viwili vya katikati, ikapata nafasi ya kumlaza mtu, ikaingia mkataba na vituo vya afya wa kupeleka wagonjwa wa tarehe Mbeya Jumanne na Alhamisi, hiyo ni biashara, siyo sadaka. Siku nyingine inabeba abiria na parachichi. Mnanielewa? Serikali ikija kuandika nauli kwenye bima, ikute gari linatembea na daftari lina majina.

Nilipomaliza kusema, mvua ilikuwa inaanza. Tuliandika kwenye karatasi ya daftari majina ya wagonjwa wa tarehe ambao kijiwe kile kinawajua kwa nyumba. Sikutegemea kwamba tungefika zaidi ya watano. Tulifika kumi na saba kabla karatasi haijalowa. Yule kijana wa swali la mafuta ndiye aliyekuwa akiyataja haraka kuliko wote, nyumba kwa nyumba, kwa kuwa yeye ndiye huwabeba hadi barabarani, na wengine amewabeba kwa mkopo.

Karatasi hiyo ninayo. Nimeipeleka kwa mtendaji wa kata na nakala yake imegongwa muhuri. Baba ana tarehe Jumanne ijayo ya kupimwa mguu wa bandia, saa mbili asubuhi, na kijana yule amesema atafika saa kumi na moja alfajiri.